Somo: Kuchagua toleo la eneokazi kabla ya kutoa mfumo huria

Somo hili ni la yeyote anayeandaa mfumo huria wa kompyuta, hata kama ni Debian (mmoja wa mifumo ya Linux) iliyorekebishwa kidogo kwa ajili ya maabara ya shule. Kila mwandaaji hufika kwenye swali moja: tutoke na eneokazi lipi, yaani sehemu ya madirisha na menyu anayoiona mtumiaji: GNOME ipi, Plasma ipi, Xfce ipi? Wengi huchagua namba kubwa kuliko zote iliyopo siku hiyo. Mimi naamini namba ndiyo kitu cha mwisho kutazamwa. Kwanza tazama siku yako ya kufunga, kisha ukubwa wa badiliko linaloletwa na toleo hilo.

Hatua ya 1: Panga siku ya kufunga

Baada ya siku hii hakipokelewi kitu kipya, hurekebishwa hitilafu tu. Hesabu zako zote zianzie hapa, si kwenye siku ya kutoa mfumo.

Debian hufunga kwa awamu. Kwa Debian 13, awamu ya kwanza ilianza 15 Machi 2025, ikafuata ya 15 Aprili, kisha 15 Mei, na ya mwisho 27 Julai. Mfumo ukatoka 9 Agosti. GNOME 48 ilitoka 19 Machi, wakati milango inaanza tu kufungwa, ikaingia. Plasma 6.4 ilitoka 17 Juni, ikakuta milango imeshafungwa, kwa hiyo Debian 13 ikatoka na Plasma 6.3 ya Februari. Aliyekuwa na kalenda mkononi aliweza kuyajua hayo mapema kabisa.

Hatua ya 2: Ijue kalenda ya wanaotengeneza eneokazi

GNOME hutoka Machi na Septemba kila mwaka. Plasma 6 imekuwa ikitoka kila baada ya miezi minne hivi. Xfce hutoka ikiwa tayari: 4.18 ilitoka Desemba 2022, na 4.20 Desemba 2024. Ukipanga kufunga Februari huku unaitaka GNOME ya Machi, maana yake utaanza na beta yake, yaani toleo la majaribio.

Hatua ya 3: Pima ukubwa wa badiliko

Hapa ndipo penye kazi, na mfano bora ninaoujua ni wa Aprili 2024. Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, ilifunga vipengele vipya 29 Februari. Plasma 6.0 ilitoka 28 Februari, siku moja kabla. GNOME 46 ilitoka 20 Machi, karibu wiki tatu baada ya kufungwa. Kwa hesabu ya tarehe peke yake, ungesema Plasma 6 itaingia na GNOME 46 itaachwa. Ikawa kinyume: Ubuntu 24.04 ilitoka na GNOME 46, na Kubuntu 24.04, ambayo ni Ubuntu yenye Plasma, ikabaki na Plasma 5.27.

Beta ya GNOME 46 ilishatoka Februari, na GNOME ikifika beta haiongezi vipengele wala haibadilishi sura. Kilichokuja Machi kilikuwa kitu kilekile kilichosafishwa. Plasma 6.0 ilikuwa habari nyingine. Ilihama kutoka Qt 5 kwenda Qt 6 (Qt ni maktaba ambayo Plasma imejengwa juu yake), na siku hiyohiyo zilitoka maktaba mpya za KDE Frameworks pamoja na programu za KDE Gear, zote za KDE, mradi unaotengeneza Plasma. Kuingiza hayo yote ndani ya siku moja, kwenye mfumo ambao watu watautegemea kwa miaka, kungekuwa kuwabebesha watumiaji mzigo wa majaribio. Naiheshimu sana timu ya Kubuntu kwa uamuzi ule.

Fedora 40, mfumo mwingine wa Linux, iliyotoka 23 Aprili 2024, iliichukua Plasma 6. Nayo ilikuwa sahihi, kwa sababu toleo la Fedora huhudumiwa kwa miezi 13 hivi na watumiaji wake wanajua wanafuata vitu vipya. Basi jiulize: mfumo wangu utahudumiwa muda gani, na nani atarekebisha eneokazi hili muda huo wote?

Hatua ya 4: Orodhesha vinavyoning'inia

Eneokazi haliji peke yake. GNOME Shell (sura inayoonekana) na Mutter (inayosimamia madirisha) huenda sambamba, na huwezi kupandisha moja ukaiacha nyingine. Viendelezi, yaani nyongeza ndogo za Shell, navyo hutaja matoleo ya Shell vinavyoyakubali. Mwaka 2021 GNOME 40 ilibadilisha mpangilio wa skrini ya muhtasari, na Ubuntu ina viendelezi vyake, ikiwemo gati la programu (dock). Ubuntu 21.04 ikabaki na Shell ya 3.38 hata baada ya GNOME 40 kutoka, na 40 ikaja kwenye 21.10.

Hatua ya 5: Weka njia ya kurudi nyuma

Kwenye Debian namba ya kifurushi haishuki. Ukishapandisha 49 halafu ukataka kurudi 48, utalazimika kuandika kitu kama 49+really48, na alama hiyo itakaa hadi namba halisi iipite. Kwa hiyo toleo jipya lianzie kwenye hazina (ghala la vifurushi) ya majaribio. Amueni mapema ni hitilafu ipi ikibaki mtarudi nyuma, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Hatua ya 6: Jaribu kupandisha, si kusakinisha tu

Chukua kompyuta yenye toleo lililopita na mipangilio halisi ya mtu, uipandishe. Hitilafu nyingi hujificha hapo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Maabara yetu ina mashine za zamani zenye RAM ya gigabaiti 2. Tufuate GNOME?*

Marahaba. Hapana, chukueni eneokazi jepesi kama Xfce au LXQt. Tena Xfce haibadiliki haraka, kwa hiyo walimu hawatalazimika kujifunza upya kila mwaka.

*Kaka, sisi tuna programu inayohitaji X11, ule mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Itatuathiri?*

Ndiyo, iweke kwenye mpango mapema. GNOME 49 ya Septemba 2025 ilizima kipindi cha X11 kama chaguo la kawaida. Debian 13 ina GNOME 48, kwa hiyo bado kipo. Xfce 4.20 ina uwezo wa majaribio wa kutumia Wayland, mrithi wa X11, lakini msingi wake bado ni X11.

*Naweza kuwapa watu eneokazi jipya baada ya mfumo kutoka?*

Unaweza, ila kwa hazina ya pembeni ambayo mtu anaiwasha kwa hiari yake, kama Kubuntu wanavyofanya. Usilisukume kwa kila mtu kupitia masasisho ya kawaida.

*Mwalimu, sisi tunaotafsiri kwa Kiswahili tuanze lini?*

Anzeni beta ikitoka, dada. Kabla ya toleo kamili GNOME hufunga maneno ya kwenye skrini ili watafsiri wasikimbizane na sentensi zinazobadilika. Mkichelewa, tafsiri bado huingia kwenye matoleo madogo kama 48.1 na 48.2, ila hakikisheni mwandaaji wa mfumo wenu anayachukua.