Spredi siyo mkeka
Naona vijana wa Kabwe na Mwanjelwa siku hizi mnaulizana kuhusu ile betingi ya Waingereza, spredi. Msiichukulie kama mkeka, yaani tiketi ya kubeti ya kawaida. Mkeka wa buku ukichanika umepoteza buku, unaagiza chai, maisha yanaendelea. Spredi inakudai kadiri ulivyokosea.

Chukua kriketi. Kampuni inasema timu itapata mikimbio (ndizo pointi zake) 290 hadi 300. Ukiona hawatafika unauza kwenye 290; wewe unaona watazidi, unanunua kwenye 300, shilingi 1,000 kwa kila mkimbio. Timu inamaliza na mikimbio 180 tu. Umekosea kwa 120, basi unadaiwa 120,000. Kwa dau la buku!

Mpira una nafuu kidogo. Magoli 2.6 hadi 2.8, umenunua kwa 10,000 kila goli, mechi ikiisha 0-0 unalia 28,000, haizidi hapo. Aliyeuza, yaani aliyeona magoli yatakuwa machache, ndiye yuko uchi, maana magoli hayana dari.

Farasi mara nyingi huhesabiwa kwa pointi: wa kwanza 50, wa pili 30, wa tatu 20, wengine sifuri. Ukimuuza kwa 12 halafu akashinda, unalipa dau lako mara 38.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza, shika kalamu, andika matokeo mabaya kuliko yote, zidisha na dau. Namba ikigusa hela ya mbolea, punguza dau, au weka kikomo cha hasara kama kampuni inaruhusu. Mimi kriketi siigusi kabisa. Sheria zake zenyewe bado zinanichanganya.