Namna ya kujifunza nomino ya Kilatini "aqua" kwa sentensi za kila siku

Mwanafunzi anayeanza Kilatini katika shule za sekondari za Bukavu, awe katika masomo ya Kilatini na falsafa au katika seminari ndogo, mara nyingi hupewa jedwali la miishio kabla hajatunga sentensi hata moja. Hulikariri kwa sauti, hulijibu vizuri siku ya mtihani, na baada ya likizo huwa limekwisha kumtoka. Ninachopendekeza ni kuugeuza utaratibu huo. Chagua nomino moja ambayo siku haipiti bila wewe kuitaja, itungie sentensi fupi kuhusu mambo unayoyaona, kisha ulijaze jedwali mwenyewe mwishoni, wakati kila umbo tayari lina sentensi yake ya kulishikilia. Katika mji ulio kando ya Ziwa Kivu, nomino inayofaa kuliko zote kwa kazi hiyo ni aqua, yaani maji.

Matamshi hayatakuchukua muda. Sehemu ya qua hutamkwa kama neno letu "kwa", hivyo aqua husomwa "a-kwa", na mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza. Umbo aquae ndilo lenye njia mbili: kanisani husikika "akwe", ilhali wanaofuata matamshi ya Roma ya kale husema "akwai". Zote mbili ni sahihi. Shika ile ya mwalimu wako na usizichanganye.

Anza na sentensi ambazo maji yenyewe ndiyo yanayozungumziwa. Aqua frigida est: maji ni baridi. Aqua fervet: maji yanachemka. Hodie aqua non est: leo hakuna maji, sentensi utakayoihitaji siku robine inapokauka. Katika zote tatu aqua ni kiima, na mwisho wake ni -a. Hali hii huitwa nominatifu. Angalia pia kwamba Kilatini huyahesabu maji kuwa kitu kimoja cha jinsia ya kike, ndiyo maana kitenzi ni est cha umoja na kivumishi ni frigida chenye -a. Sisi tuliozoea kusema "maji haya" na "maji yale" huteleza hapa kwa urahisi na kuandika wingi pasipo sababu. Kwa hiyo rudia sentensi hizi mpaka est ije yenyewe ulimini.

Hatua ya pili inastahili muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa ndipo Kilatini kinapotengana na lugha tunazozungumza. Sema: Puella aquam portat, msichana anabeba maji. Sasa maji si kiima tena. Ni kitu kinachobebwa, na mwisho umekuwa -am. Hali hii ni akusatifu. Badilisha mpangilio useme Aquam puella portat, au Portat aquam puella, na habari itabaki ile ile, ingawa uzito unahamia neno jingine. Kwa Kiswahili, "Mama anamwita dada" na "Dada anamwita mama" ni habari mbili tofauti, kwa sababu nafasi ya neno ndiyo inayotuambia nani anaita na nani anaitwa. Kifaransa cha darasani nacho hufanya hivyo hivyo. Kilatini kimeikabidhi kazi hiyo herufi moja ndogo mwishoni mwa neno, na msomaji asiyeitazama herufi hiyo atasoma kurasa nyingi akidhani anaelewa. Jizoeze basi kusoma neno mpaka mwisho wake kabla ya kulitafsiri.

Mazoezi ya akusatifu yanapatikana nyumbani tangu alfajiri. Soror aquam ex lacu haurit: dada anateka maji ziwani. Mater aquam calefacit: mama anapasha maji moto. Puer aquam bibit: mvulana anakunywa maji. Tunga yako ukitumia emit, ananunua, na vendit, anauza, maana jijini petu maji hununuliwa na kuuzwa kwa bidoni. Ukiona mtu akifanya jambo lolote kwa maji, mtungie sentensi kimoyomoyo pale pale. Huna haja ya kitabu.

Genitifu hujibu swali la "ya nini". Tunaposema "rangi ya maji", neno dogo "ya" ndilo linaloziunganisha nomino mbili. Kilatini hakina neno hilo: uhusiano unakaa ndani ya mwisho -ae, kwa hiyo color aquae peke yake inatosha. Copia aquae parva est: kiasi cha maji ni kidogo. Urna plena aquae est: mtungi umejaa maji. Umbo hili hili limejificha katika neno la Kifaransa aqueduc, ambalo chanzo chake ni aquae ductus, yaani upitishaji wa maji. Mfereji wa kwanza wa aina hiyo mjini Roma, Aqua Appia, ulijengwa mwaka 312 kabla ya Kristo, na wanafunzi wanaoufahamu hawalisahau -ae la genitifu.

Datifu, inayoonyesha kitu kinachopewa au kuongezewa jambo, haitatuchelewesha. Mater aquae salem addit: mama anayaongezea maji chumvi. Umbo ni aquae, sawa kabisa na la genitifu, na kitenzi ndicho kinachoamua: kitenzi cha kutoa au kuongeza kinadai mpokeaji, ilhali genitifu huegemea nomino nyingine.

Ablatifu inadai subira, kwa sababu imebeba kazi nyingi. Kwanza huonyesha chombo au njia: Puer manus aqua lavat, mvulana ananawa mikono kwa maji. Pili huonyesha mahali, ikitanguliwa na in: Pisces in aqua natant, samaki wanaogelea majini. Hapa msemaji wa Kiswahili ana faida, kwa kuwa "majini", "ziwani" na "mtoni" zimekwisha kumzoesha nomino inayobadilika mwishoni ili kuonyesha mahali. Tatu hufuata sine: Sine aqua terra arida est, bila maji ardhi ni kavu. Kwa maandishi, ablatifu aqua inafanana na nominatifu. Kwa matamshi, -a yake ni ndefu, na vitabu vya kufundishia huiwekea kistari juu, aquā. Ukiandika daftarini kwako weka kistari hicho daima mpaka utakapozoea.

Kuna mtego mmoja ambao Kiswahili hakikusaidii. Tunasema "samaki yumo majini" na "mtoto anatupa jiwe majini" kwa neno lile lile. Kilatini hutenganisha: kukaa ndani ni in aqua, kwa ablatifu, kuingia ndani ni in aquam, kwa akusatifu. Puer lapidem in aquam iacit, mvulana anatupa jiwe majini, kwa sababu jiwe linasafiri kutoka nje kwenda ndani. Simama ufukweni ukawatazame watoto wanaocheza: kila unachokiona kinaingia katika upande mmoja au mwingine, na baada ya sentensi chache utachagua bila kufikiri.

Ablatifu huonyesha pia kutengwa na kitu. Waroma walipomfukuza mtu nchini walisema aqua et igni interdicere, kumkataza maji na moto, na mwaka 58 kabla ya Kristo Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, alipatwa na adhabu hiyo. Neno lililojifunziwa kwenye ndoo ya kunawia linakufungulia mlango wa historia yao bila kubadilika hata herufi moja, na kwangu hiyo ndiyo furaha kubwa ya lugha hii.

Wingi wa aqua hautumiki sana nyumbani, ila usiuruke. Maumbo ni aquae kwa nominatifu, aquas kwa akusatifu, aquarum kwa genitifu, na aquis kwa datifu na ablatifu pamoja. Mifano yake bora imo katika majina. Mwaka 97 baada ya Kristo Frontinus aliteuliwa kuwa curator aquarum, msimamizi wa maji ya Roma: hapo una genitifu ya wingi. Miji yenye chemchemi iliitwa Aquae, kama Aquae Sextiae iliyoanzishwa mwaka 122 kabla ya Kristo kusini mwa Ufaransa ya leo. Jina lake la sasa, Aix-en-Provence, limetokana na umbo aquis. Vokatifu, hali ya kuita, inafanana na nominatifu, na maji huitwa na washairi tu.

Sasa chukua daftari uchore jedwali tupu, na kila nafasi uijaze kwa sentensi nzima uliyoitunga mwenyewe, si kwa neno peke yake. Nafasi inayokushinda inaonyesha hatua ya kurudia. Ikishajaa yote, jaribu kuunganisha: Puella urnam plenam aquae ex lacu portat, msichana anabeba mtungi uliojaa maji kutoka ziwani. Kisha ondoa aqua uweke terra, via, silva au urna, ambazo hubadilika vivyo hivyo. Lacus na flumen, ziwa na mto, ziache kwanza katika maumbo uliyokutana nayo, kwa maana zina miishio ya makundi mengine. Ukifika kwa nauta, baharia, na agricola, mkulima, utakuta miishio ile ile ya aqua, lakini nomino hizi ni za jinsia ya kiume: andika agricola bonus, usiandike bona.