Mwenye tatizo la vali ya moyo asimeze antibiotiki kabla ya kupimwa damu

Kigoma, ambako homa yoyote hudhaniwa kwanza kuwa malaria, mgonjwa mwenye vali ya moyo (mlango mdogo unaozuia damu isirudi nyuma) iliyoharibika anaweza kuzunguka wiki kadhaa kati ya nyumbani na duka la dawa huku bakteria wakiendelea kuila vali hiyo. Mara nyingi chanzo ni cha utotoni: maambukizi ya koo yasiyotibiwa huleta homa ya baridi yabisi, nayo huacha kovu kwenye vali, na kwenye kovu hilo ndipo hujishikiza bakteria wa kinywani walioingia katika damu kupitia jino bovu au fizi zinazotoka damu. Bakteria wengine hutoka kwenye jipu au kidonda.

Kwa hiyo, ikiwa una tatizo la vali na homa haiishi, nakusihi uwahi hospitali na uombe damu yako ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha bakteria kabla ya kumeza antibiotiki yoyote, kwa sababu hata vidonge vichache vya amoksilini vilivyonunuliwa dukani vinaweza kuwaficha wasionekane kwenye kipimo. Tazama pia kucha zako: vistari vyembamba vya rangi ya damu iliyokauka, mithili ya vibanzi vilivyozama chini ya ukucha, ni jambo la kumwonyesha daktari siku hiyo hiyo. Na kabla ya kung'olewa jino, mweleze tabibu wa meno habari za moyo wako, maana mwenye vali bandia au aliyewahi kuugua maambukizi haya ya bakteria kwenye vali hupewa dawa ya kinga, kwa kawaida amoksilini gramu 2 kwa mtu mzima, dakika 30 hadi 60 kabla.