Sifa za Kiingereza zinakuchanganya? Anzia mwisho urudi nyuma

Sisi kwenye Kiswahili nomino ndo inatangulia, unasema mlango mkubwa, mlango wa mbao, sifa zinafuata nyuma yake na hata ukizibadilisha nafasi kidogo hakuna atakayekushtukia. Kiingereza sasa, sifa zote mbele na kila moja ina siti yake, ukiandika "wooden old beautiful door" watakuelewa ila watajua umebahatisha.

Vitabuni utakuta mlolongo huu: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, kazi, ndo nomino (umri na umbo vitabu vingine vinazibadilishana, usiumize kichwa). Mimi kukariri kulinishinda kabisa, nachofanya naanzia mwisho. Chukua ile milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Andika "door" kulia kabisa mwa karatasi halafu jiulize, wa nini? "Wooden", bandika kushoto kwake. Wa wapi? "Zanzibari". Rangi? "Brown". Wa lini? "Old". Ukubwa? "Big". We mwenyewe unauonaje? "Beautiful". Haya soma sasa kuanzia kushoto: "a beautiful big old brown Zanzibari wooden door". Umeona eh, kilichoigandia "door" ni kile kisicho na ubishi, mbao ni mbao tu, ila kadri unavyosogea kushoto unaingia kwenye mambo ya mtazamo, maana mi naweza kuuona mzuri we ukauona wa kawaida.

Hapo nimejaza makusudi lakini, kwa kawaida sifa mbili tatu zinatosha, ukizidisha unasikika kama dalali.

Sifa ya kazi ndo inaganda kuliko zote, ni "big frying pan", usije ukasema "frying big pan". Vya umiliki na idadi vinatangulia vyote: "my two old bags". Na sifa haiongezwi s kwenye wingi, ni "red cars" basi, hatuna upatanisho wa ngeli huko.

Kuna zinazogoma kukaa mbele, kama "asleep" na "afraid". Sema "the baby is asleep", au ukitaka sifa itangulie, "a sleeping baby".

Halafu utakutana na "big bad wolf", ukubwa umeruka mbele ya maoni, hiyo imezoeleka hivyo hivyo, iache ilivyo.