Namna ya kumshuhudia Yesu kwenye maongezi ya kawaida bila kuona soni

Wengi wanaokwama wanaijua Injili vizuri. Wanakwama pale maongezi yanapotakiwa kutoka kwenye bei ya mchele kwenda kwa Kristo. Hatua ya 3 ndiyo yenye kazi.

1. Andaa ushuhuda wa dakika moja. Uandike: ulivyokuwa, Yesu alivyokufikia, kilichobadilika. Kisha futa lugha ya kanisani. "Nilifunguliwa vifungo" iwe "nilishindwa kumsamehe baba, sasa tunaongea." Kipofu wa Yohana 9 hakuhitaji zaidi ya "nilikuwa kipofu, na sasa naona."

2. Ombea watu watatu kwa majina. Kila siku.

3. Ingia kupitia salamu. Usihangaike kutafuta upenyo. Hapa Dar unaulizwa habari za nyumbani, za kazi na za mgonjwa kabla hujakaa, nawe unajibu "nzuri" na kuufunga mlango mwenyewe. Ongeza sentensi moja ya kweli. Jumatatu ukiulizwa wikiendi ilikuwaje, jibu: "Nzuri. Jana kanisani tulisoma habari za kusamehe, mpaka leo naiwaza." Halafu nyamaza. Akiuliza, endelea. Akihamia kwa Simba na Yanga, ongeeni mpira kwa moyo mweupe. Kinachoharibu ni sentensi ya pili na ya tatu ambazo hakuna aliyeziomba. Hapo ndipo watu wanapoanza kukukwepa, "yule mlokole anakuja."

Mtu akikusimulia shida, tuseme ana mgonjwa Muhimbili, msikilize mpaka amalize. Uliza: "Naweza kukuombea?" Akikubali, omba papo hapo kwa sauti ya kawaida, sentensi tatu zinatosha. Usikemee pepo, usimwahidi kwamba mgonjwa atapona. Kesho yake muulize hali. Asiyeulizia hana haja ya kuomba mbele za watu.

Mahali nako kuna uzito. Kwenye daladala ya saa 12 jioni mtu amebanwa, hana pa kwenda, kwa hiyo acha. Kwa mama ntilie mchana panafaa. Bora zaidi ni mkitembea pamoja kwenda kituoni, kwa sababu hamtazamani usoni na kimya hakisumbui. Ukiwa bosi wake, subiri aanze yeye, maana hawezi kukukatalia kwa uhuru. Katiba, ibara ya 19, inaruhusu kutangaza dini, na inalifanya kuwa jambo la hiari ya mtu.

Jirani Muislamu usimwanzishie malumbano ya vitabu kama ya mihadhara. Muulize yeye huombaje, umsikilize kweli, ndipo umweleze Yesu ni nani kwako. Akikualika futari, nenda.

4. Swali likikushinda, sema hujui. Ahidi kurudi na jibu, na urudi. 1 Petro 3:15 inataka tujibu "kwa upole na kwa hofu". Kushinda hoja haikutajwa.

5. Akitaka zaidi, mpe Injili ya Marko. Ina sura 16, inasomeka haraka. Mpe ya karatasi. Video za mahubiri za WhatsApp zinakula bando na hazifunguliwi. Mimi sizitumi kabisa. Someni sura moja kwa wiki, mkiwa wawili, na yeye ndiye aulize maswali kwanza.