Gari likilia "tk" tu, angalia waya wa athi kwanza
Wenye Starlet, March na Vitz za zamani hapa Mombasa: ukiwasha gari likalia "tk" tu na taa za dashibodi zikafifia, usikimbilie kununua betri. Hewa yetu ya chumvi hula viungo vya waya polepole, hasa kwa wanaolaza gari karibu na bahari, Nyali au Likoni. Mara nyingi tatizo ni waya wa athi, ule mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Kwa juu utauona mzima; fungua bolti, chini yake pana unga wa kijani.

Weka multimita (kile kipimo cha umeme) kwenye volti za DC: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea hapo. Toa hasi ya betri kwanza, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza sawasawa, kisha paka grisi kwa juu.

Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, injini ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, angalia alteneta, ile mashine inayochaji betri, na mkanda unaoizungusha, maana hata betri mpya itaisha vivyo hivyo.