Kutembea Lubumbashi kwa miguu, kutoka Posta hadi soko la Kenya

Mgeni mwenye siku moja tu Lubumbashi, mji wa shaba wa Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, namshauri aliache gari, avae viatu vilivyozoea miguu yake, na atembee kutoka katikati ya mji hadi kitongoji cha Kamalondo, kisha hadi soko la Kenya (hapa Kenya ni kitongoji cha mji huu, si nchi), kwa upande huo na si kinyume chake. Ndiyo njia ya wafanyakazi wa zamani waliokuwa wakirudi nyumbani jioni. Mji huu ulichorwa kwa namna ambayo ule umbali kati ya ofisi za Wazungu na nyumba za Waafrika ndio historia yenyewe, na ndani ya gari umbali huo humezwa kwa dakika chache bila mtu kuuhisi.

Kabla ya kuondoka, panga mambo mawili. Kwanza ni majira. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi, ila asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kutosha kumtafutia mtu sweta, na kuelekea Oktoba vumbi jekundu huingia hadi kwenye meno. Mvua zikianza Novemba, vichochoro vya Kenya hugeuka tope, lakini ndipo uyoga na finkubala, yaani viwavi wanaoliwa, wanapojaa sokoni. Mimi ningechagua Desemba na viatu vichafu. Pili ni feza. Chukua faranga za Kongo katika noti ndogo ndogo, na kama una dola, zikague moja moja nyumbani, kwa sababu dola iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa papo hapo, ilhali faranga iliyochakaa hadi maandishi kufifia hupokelewa bila neno.

Anza saa mbili asubuhi kwenye uwanja wa Posta, jua likiwa bado la huruma. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kumheshimu malkia wa Ubelgiji, na mwaka huohuo reli ikafika kutoka kusini. Mwaka 1911 kiwanda cha Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, kikamimina shaba yake ya kwanza. Jina la sasa, ambalo ni la mto, lilianza kutumika mwaka 1966. Barabara za hapa zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, kwa hiyo ni vigumu kupotea. Ukifika njia panda yenye uwazi, tazama upande wa magharibi utafute bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyorithi Union Minière, na kando yake kilima cheusi cha masalia ya shaba. Kilima hicho kinapungua mwaka hadi mwaka, maana tangu miaka ya 2000 kinachimbwa upya ili kutoa kobalti iliyoachwa ndani.

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo litazame kwa dakika kumi, halafu uelekee jumba la zamani la tamthilia, lililojengwa miaka ya 1950 kwa mchoro wa Claude Strebelle na ambalo leo ni makao ya bunge la mkoa. Lipite bila kulipiga picha. Majengo ya serikali na askari si vitu vya kuelekezea kamera katika mji huu, na maelezo ya baadaye hula muda kuliko picha yenyewe. Jumba la makumbusho la taifa, lililo karibu, ndilo linalostahili saa nzima. Humo tafuta misalaba midogo ya shaba, ambayo watu wa nchi hii waliitumia kama feza karne nyingi kabla ya Mbelgiji yeyote kufika. Aliyeiona hatakubali tena kuambiwa kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na wageni.

Wauzaji wa malakiti, jiwe la kijani la mapambo, watakufuata hapo mjini. Jiwe la kweli ni zito, ni baridi ukilishika shavuni, na mistari yake haifanani upande na upande. Niliwahi kuuziwa yai zuri sana la kijani ambalo, baada ya kusahauliwa dirishani kwenye jua, lilianza kunuka plastiki.

Sasa elekea kusini, na hapa punguza mwendo. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa kikoloni uliwahamishia Waafrika kwenye kitongoji chao, Cité Albert, ambacho ndicho Kamalondo ya leo, na katikati ukaacha ukanda mtupu ulioitwa zone neutre. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: ati mbu aliyemuuma Mwafrika asiweze kuruka hadi kitandani kwa Mzungu. Leo ukanda huo umejengwa, kwa hiyo macho hayatakusaidia, hesabu hatua. Fikiria pia mtu anayeupita kila asubuhi gizani, kisha jioni tena, akiwa ametoka kwenye tanuru. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Kamalondo ni mahali pa kupumzika, kunywa kitu cha baridi na kusalimu wazee walioketi mbele ya nyumba. Uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, uko hapa. Ukiuliza habari za timu, weka nusu saa nyingine kando.

Fika soko la Kenya kabla ya saa sita. Begi liwe mbele ya kifua, simu isiwe mkononi. Ingia kwa salamu, kwa kuwa bei ya asiyesalimu ni nyingine: “Jambo mama, meka ni ngapi?” Meka ni kopo la kupimia mahindi, unga na maharage. Itazame mikono ya mama anapopima: anazamisha kopo, analitikisa mara moja, kisha anaongeza kwa kiganja hadi juu pasimame kilele kinachomwagika. Kilele hicho ni chako. Akipima kwa kukata usawa wa mdomo wa kopo, usibishane juu ya bei, mwambie tu, “Mama, na matabishi?”, yaani nyongeza. Mara nyingi atacheka na kutupia konzi moja.

Kwa njaa, tafuta kikanda, kinachopikwa kwa viazi vya mwituni na karanga na kukatwa vipande kwa kisu, au keti kwenye kibanda ule bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga. Finkubala onja kwanza mmoja kutoka kwenye kilima cha muuzaji. Aliyekaushwa vizuri huvunjika kwa mlio, na anayepinda hajakauka. Teksi za kurudi mjini hupatikana kwa urahisi hadi saa kumi; baada ya hapo utagombea nafasi na wenye magunia.